Kwa Nini Samaki wa Mapambo Hupauka, na Chakula Kinavyoweza Kuwarudishia Rangi

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na idara ya uvuvi ya kaunti kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, wenye hoteli na wakazi wanaofuga samaki nyumbani. Yanachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.



Mama mmoja wa kaunti hii ana mabwawa mawili nyuma ya nyumba yake. Bwawa kubwa ni la tilapia wa kuliwa. Bwawa dogo ni la samaki wa dhahabu pamoja na koi wachache, na hilo dogo ndilo linalolipa karo ya watoto. Aliiuzia hoteli moja ya mjini samaki wa dhahabu ishirini, wekundu kama nyanya iliyoiva. Alilipwa nusu ya bei, wakakubaliana kwamba nusu iliyobaki italipwa samaki wakishazoea tangi.

Baada ya miezi mitatu alikwenda kudai. Msimamizi wa hoteli alimpeleka hadi kwenye tangi la kioo lililo pale mapokezi. Samaki walikuwa hai, wote ishirini, lakini rangi yao ilikuwa imefifia mpaka ikafanana na chai iliyozidi maziwa.

“Mama, uliniuzia samaki waliopakwa rangi,” msimamizi alisema.

“Mwanangu, samaki hapakwi rangi kama ukuta,” mama akamjibu.

Deni halikulipwa siku hiyo. Habari zilipoenea, mtu mmoja alimtafuta mama huyo na kumwambia kwamba ipo dawa ya rangi, chupa ndogo tu, na samaki watakuwa wekundu ndani ya wiki mbili. Kwa bahati nzuri kabla ya kuinunua alipitia kwa afisa wa uvuvi wa wadi. Afisa aliomba kwanza kuona tangi la hoteli, kisha akauliza swali moja: samaki hawa wanakula nini?

Jibu lilikuwa makombo ya mkate asubuhi, na jioni unga kidogo wa chakula cha vifaranga vya kuku.

Ili kuelewa kwa nini jibu hilo lilitosha, ni vyema kuanza na kitu ambacho kila mkazi amekiona jikoni. Yai la kuku anayezurura uani, akila majani na wadudu, huwa na kiini cha njano iliyokolea. Yai la kuku aliyefungiwa na kulishwa chakula kilichosagwa kwa mahindi meupe huwa na kiini kilichopauka. Kuku ni yuleyule. Tofauti ni chakula. Rangi ile ya njano inatokana na kundi la viini vya rangi viitwavyo karotenoidi, ambavyo hutengenezwa na mimea, mwani na baadhi ya vijidudu. Kuku hawezi kuvitengeneza mwilini mwake. Samaki pia hawezi. Wote wawili hungoja viletwe na chakula.

Mfano mwingine uko Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria. Heroe, wale flamingo wanaovuta watalii, hawaanguliwi wakiwa na rangi ya waridi. Kifaranga cha heroe ni cha kijivu. Rangi huja kidogo kidogo kwa miaka, kutokana na mwani mdogo wa maji ya magadi uitwao spirulina pamoja na viumbe wengine wadogo anaowachuja majini. Heroe aliyefungiwa katika bustani ya wanyama na kunyimwa karotenoidi hupauka hadi karibu kuwa mweupe, na akirudishiwa, manyoya mapya huota yakiwa na rangi.

Basi, samaki wa dhahabu naye yuko katika hali hiyohiyo, ila ana kipaji cha ziada. Katika ngozi yake zimo seli za rangi za aina mbalimbali: zinazobeba weusi, zinazobeba njano na wekundu, na nyingine zilizojaa vijiwe vidogo sana vinavyoakisi mwanga na kutoa ule mng'ao wa fedha au wa dhahabu. Seli za weusi hujitengenezea rangi zenyewe. Seli za njano na wekundu kwa kiasi kikubwa hutegemea karotenoidi kutoka tumboni. Kipaji chake ni kwamba akipewa karotenoidi ya njano iitwayo zeazanthini, iliyomo kwenye spirulina na katika mahindi ya njano, mwili wake unaweza kuigeuza kuwa astazanthini, ambayo ni nyekundu. Koi pia ana uwezo huo. Trauti wanaofugwa katika maji baridi ya Mlima Kenya hawana. Trauti lazima apewe astazanthini yenyewe ndipo nyama yake iwe ya waridi, na hiyo ni gharama kubwa kwa mfugaji. Mwenye samaki wa dhahabu anaweza kufanikiwa kwa vitu vya bei nafuu.

Sasa turudi kwa mama na hoteli. Bwawa la mama ni la udongo na maji yake ni ya kijani kwa sababu ya mbolea ya ng'ombe. Ule ukijani ni mwani. Samaki wake hula mwani huo, hula viroboto wa maji ambao nao wamekula mwani, hula na mabuu ya mbu. Mama hakuwahi kununua chakula cha rangi hata siku moja, kwani bwawa lenyewe lilikuwa likimpa bure bila yeye kujua. Samaki walipohamishiwa katika maji safi ya kioo walipoteza chakula hicho chote kwa siku moja. Mkate wa ngano nyeupe hauna karotenoidi za kutosha kumpa samaki rangi yoyote. Chakula cha vifaranga vya kuku kilichosagwa kwa mahindi meupe hakina tofauti kubwa na mkate. Akiba iliyokuwa katika ngozi ilitumika polepole, na haikuwepo ya kuijaza.

Kwa hiyo hakuna aliyemdanganya mwenzake. Mama aliuza samaki wekundu kwelikweli, na hoteli ilipata samaki waliopauka kwelikweli.

Swali linalofuata ni la mfukoni: kipi kinunuliwe, na kiasi gani?

Spirulina ya unga ndiyo chaguo bora kwa samaki wa dhahabu na koi. Bei yake kwa kilo ni ya juu, na wengi wanaposikia bei hiyo hurudi nyuma. Lakini kinachohitajika ni kidogo. Gramu 30 hadi 50 katika kilo moja ya chakula zinatosha, na kilo moja ya chakula hulisha tangi la nyumbani kwa muda mrefu.

Anayetaka njia ya bei nafuu zaidi atafute paprika, ule unga mwekundu wa pilipili tamu unaouzwa pamoja na viungo vya pilau. Isiwe pilipili kali. Vijiko viwili vya mezani kwa kilo moja ya chakula ni kiasi kizuri cha kuanzia. Petali za marigoldi ya bustani zilizokaushwa na kusagwa pia hutumika, ingawa hizo huvuta rangi upande wa njano zaidi kuliko wekundu. (Marigoldi inayozungumziwa ni ua la bustani lenye petali nyingi za njano au rangi ya chungwa. Si lile gugu lenye harufu kali linaloota lenyewe shambani.)

Kutoka ziwani kuna ochonga, wale uduvi wadogo wa Ziwa Victoria ambao hunaswa pamoja na omena na kuuzwa kama chakula cha kuku na samaki. Uduvi huwa na astazanthini katika magamba yao, ndiyo maana kamba wa baharini hugeuka wekundu wanapopikwa. Ochonga waliokaushwa kivulini na kusagwa huleta faida mbili kwa pamoja, yaani rangi na protini. Waliokaushwa juani kwa siku nyingi wakawa weupe wameshapoteza sehemu kubwa ya rangi, na mnunuzi awaangalie kabla ya kutoa pesa.

Watu wengi huuliza kuhusu karoti. Karoti ni chakula kizuri na haina madhara, lakini kwa kutia rangi samaki wa dhahabu imesifiwa kupita kiasi. Karotenoidi iliyo nyingi katika karoti samaki huyu haitumii kwa ufanisi kama anavyoitumia zeazanthini. Mwenye karoti bustani mwake aipike, aiponde na kuwapa, ila asitegemee karoti peke yake. Terere na sukuma wiki zilizochemshwa kidogo na kukatwakatwa zina nafasi yao pia, hasa kwa kuwa samaki wa dhahabu hupenda majani na tumbo lake huyahitaji.

Namna ya kuchanganya ina umuhimu wake. Karotenoidi huyeyuka katika mafuta, haziyeyuki katika maji. Unga wa paprika ukinyunyizwa tu juu ya tangi utaelea, utachafua maji, na samaki hatafaidika. Mfugaji achukue kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya mahindi au ya samaki, akoroge unga wa rangi humo mpaka ulainike, kisha amimine juu ya kilo moja ya punje za chakula cha kawaida na kugeuzageuza ndani ya sufuria hadi kila punje ishike. Asiweke jikoni motoni. Aache kwa saa chache kivulini, ahifadhi katika mkebe usiopitisha mwanga, mahali pasipo na joto. Mwanga, joto na hewa ndivyo maadui wa rangi hizi. Chakula cha rangi kinachouzwa katika mifuko inayoonyesha ndani, kikiwa kimening'inizwa mlangoni mwa duka juani mchana kutwa, huenda kilikuwa kizuri kilipotoka kiwandani, lakini mnunuzi analipia jina tu. Ni afadhali kutengeneza kidogo kidogo, cha kumalizika ndani ya miezi miwili, kuliko kujaza ndoo.

Kulisha ni mara mbili kwa siku, kiasi ambacho samaki watamaliza ndani ya dakika mbili au tatu. Hapa ndipo wengi huharibu. Mtu akishaambiwa kwamba chakula huleta rangi, huongeza chakula. Kinachobaki huoza, maji hujaa amonia, na samaki aliye katika amonia hupauka, hubana mapezi yake, huenda juu kutafuta hewa, na mwisho hufa akiwa na chakula bora kabisa mbele ya mdomo wake. Maji kwanza. Sehemu ya maji ibadilishwe kila wiki, na maji ya mfereji yaliyotiwa klorini yapumzishwe katika chombo kilicho wazi kwa siku nzima au yatiwe dawa ya kuondoa klorini kabla ya kumiminwa tangini.

Matokeo hayaji kesho. Kiini cha yai hubadilika ndani ya wiki mbili hivi, lakini ngozi ya samaki ni ya pole zaidi. Mabadiliko ya kwanza huonekana kati ya wiki ya tatu na ya nne, na mwezi wa pili ndio wa kufanyia hukumu. Anayeahidi rangi ndani ya siku chache anauza kitu kingine.

Na kitu hicho kingine mara nyingi ni homoni. Wafugaji wa tilapia wanaijua, kwa kuwa katika vituo vya kuzalisha vifaranga homoni ya kiume, methilitestosteroni, huchanganywa na chakula cha vifaranga kwa wiki chache za mwanzo ili wote wawe madume. Kazi hiyo hufanywa kwa vipimo na kwa uangalizi. Chupa iliyopelekwa kwa mama yule haikuwa na lebo, kwa hiyo hakuna awezaye kusema ilikuwa na nini. Lakini inajulikana kwamba homoni za aina hii hutumiwa katika biashara ya samaki wa mapambo ili wadogo waonyeshe rangi mapema, hasa kwa aina ambazo dume ndiye mwenye rangi. Samaki aliyelishwa hivyo anaweza kuwa tasa, jike anaweza kuonekana dume, na rangi hupungua homoni ikikoma. Anayenunua ili azalishe hununua hasara. Na anayechanganya kwa mikono mitupu jikoni, karibu na watoto au akiwa mjamzito, anajiweka katika hatari ambayo hakuna bei ya samaki inayoweza kuifidia. Zipo pia nchi ambako samaki hudungwa sindano za rangi au kutumbukizwa katika dawa inayobabua ngozi kabla ya kutiwa rangi. Rangi hiyo hufifia baada ya miezi, na samaki wengi hawafiki huko. Mkazi akiona samaki mwenye mistari ya waridi au kijani inayong'aa kama kalamu ya kuangazia maandishi, aulize maswali kabla ya kununua.

Yafaa pia kusema yale ambayo chakula hakiwezi. Hakiwezi kuongeza rangi ya buluu, kwa kuwa buluu ya samaki wengi hutokana na jinsi vijiwe vya ngozini vinavyoakisi mwanga. Hakiwezi kumharakisha kifaranga: samaki wa dhahabu huanguliwa akiwa na rangi ya kahawia iliyokolea, kama wale samaki wa China aliotokana nao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na hubadilika baada ya miezi kadhaa, wengine wakikawia hata zaidi. Mfugaji asimtupe kwa kuwa bado ni wa kahawia. Na kwa koi wenye madoadoa chakula cha rangi kinaweza hata kuharibu. Wajapani wa mkoa wa Niigata waliowazalisha koi wa rangi tangu karne ya 19 huthamini weupe safi kati ya madoa mekundu. Koi wa namna hiyo akilishwa rangi kupita kiasi, ule weupe huanza kuingia wekundu hafifu au unjano, kama shati jeupe lililofuliwa pamoja na kanga mpya. Kwao chakula cha rangi hutolewa kwa vipindi, kisha huachwa.

Tangi lenyewe lina neno lake. Samaki hujirekebisha kulingana na mahali alipo. Katika beseni jeupe hupauka; juu ya changarawe nyeusi, na karatasi nyeusi ikibandikwa nyuma ya kioo, rangi hukolea. Mwanga wa mchana usio wa jua kali humfaa. Aliyewekwa kwenye kona yenye giza siku zote hufifia hata akila spirulina.

Jambo moja la kupita, kwa sababu limetokea. Samaki aliyepauka asimwagwe mtoni wala katika bwawa la umma. Samaki wa dhahabu si wa maji yetu. Akizaliana huchimbua matope na kushindana na samaki wa asili, na sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inataka kibali kabla ya kuingiza samaki wa namna hiyo katika maji ya nchi. Asiyemtaka ampe jirani au amrudishe kwa aliyemuuzia.

Afisa wa wadi, mama na msimamizi wa hoteli walikaa pamoja pale mapokezi. Walikubaliana kwamba mama atengeneze kilo moja ya chakula chenye spirulina na ochonga, hoteli ilipie vifaa, mkate ukome, na karatasi nyeusi ibandikwe nyuma ya tangi. Deni lingoje miezi miwili. Mhudumu mmoja alipewa kazi ya kulisha ili wageni na watoto wao wasiendelee kutupa makombo.

Wiki ya tano msimamizi alipiga simu mwenyewe. Mwisho wa mwezi wa pili samaki kumi na wanane walikuwa wamerudi katika wekundu wao, baadhi wakiwa wamekolea kuliko siku walipotoka bwawani. Wawili walibaki weupe. Hao seli zao za rangi zilikuwa zimekwisha, jambo ambalo huwapata baadhi ya samaki wa dhahabu wanapokua, na hakuna chakula kinachozirudisha. Mama alijitolea kuwabadilisha bila malipo. Msimamizi alikataa, akisema watoto wanaokuja kula Jumapili wameshawazoea wale weupe wawili na huwatafuta kwanza. Deni lililipwa lote, na hoteli sasa hununua kwa mama huyo kilo moja ya chakula kila baada ya miezi miwili.